Twende Tarasaa tukajifunze mkondo wa tangi la samaki

Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Tangi la kioo lililoko sebuleni mwako, msomaji, huenda lina lita mia moja tu au hata chini ya hapo. Kwako wewe ni pambo la nyumba na burudani ya watoto. Kwa samaki aliyemo ndani, hiyo ndiyo bahari yake, ndio mto wake na ndilo ziwa lake. Maji yakimsukuma kupita kiasi hana kichaka cha kujibanza. Yakilala kupita kiasi hana mkondo wa kumletea hewa. Hana pengine pa kuhamia.

Wengi wetu tunaofuga samaki mjini tunajua kuwalisha na tunajua kuwabadilishia maji. Lakini likija suala la mkondo, tunabahatisha. Mwenye duka anakuuzia pampu, anakuhakikishia ni imara, unaichomeka kwenye stima na maji yanaanza kuzunguka kwa kishindo. Baada ya wiki mbili samaki mmoja anaelea tumbo juu, na watoto wanauliza ni nani aliyemuua. Je, utawajibu nini?

Jibu la swali hilo liko kando ya mto Tana. Hebu fungasha mkoba wako, twende Tarasaa.

Safari yenyewe

Ukitokea Mombasa unapanda basi la kuelekea Garsen au Lamu. Unapita Kilifi na kufika Malindi baada ya kilomita 120 hivi. Ukishaondoka Malindi unavuka mto Sabaki, maji yake mekundu kama chai ya maziwa hasa wakati wa mvua. Kisha unapita Gongoni na mashamba ya chumvi. Kutoka hapo nchi inakuwa kavu, vichaka na miiba pande zote mbili, na ng'ombe wakikatiza barabara wapendavyo. Kabla hujafika Minjila na Garsen unaiacha barabara kuu na kukata mkono wa kulia, upande uliko mto. Hapo ndipo ilipo Tarasaa, na jirani yake Ngao.

Mgeni anayefika mara ya kwanza hushangazwa na jinsi nchi ilivyo tambarare. Hakuna kilima cha kukuonyesha maji yatakwenda wapi. Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, umesafiri takriban kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na safu za Nyandarua, na sasa umechoka. Hauna tena mteremko wa kuukimbiza. Unajipinda, unagawanyika, unaingia huku na kutokea kule. Ndiyo sababu mahali hapa pakaitwa delta, na ndiyo sababu mwaka 2012 eneo la hekta 163,600 liliandikishwa katika orodha ya dunia ya ardhi oevu zinazohitaji kutunzwa, ile orodha ya Ramsar.

Wapokomo wanalima mpunga, mahindi, ndizi na maembe kandokando ya maji, na wanavua samaki. Waorma na Wawardei wanaleta mifugo yao kunywa na kulisha malishoni wakati wa kiangazi. Wote wanaishi kwa kuusoma mto. Nawe mwenye tangi la kioo ukiusoma mto huo kwa siku moja tu, utarudi mjini ukiwa fundi.

Maji ya kwanza: mto wenyewe

Anzia ukingoni mwa Tana, lakini simama mbali kidogo, kwani mamba na viboko wamo. Tupa jani majini katikati ya mto. Utaliona likiondoka mbio. Tupa jingine kando, penye matete. Hilo litazungukazunguka pale pale kana kwamba limesahau safari.

Hilo ndilo somo la kwanza. Hata katika mto mmoja mkondo si mmoja. Samaki wa mtoni wenye mwili mwembamba kama risasi na mkia wenye panda huweza kukabiliana na maji ya kasi. Hata hao hawakai katikati ya mkondo kutwa kucha. Huingia kutafuta chakula kinachoburutwa na maji, kisha hurudi nyuma ya gogo au jiwe kupumzika.

Kwa hiyo tangi lako, hata likiwa la samaki wapendao mwendo, lisiwe na kasi moja kila pembe. Weka jiwe hapa na kigogo pale. Panda majani upande mmoja. Upande wa pampu uwe barabara kuu, na upande wa pili uwe kitongoji chenye utulivu. Samaki mwenyewe atachagua pa kukaa kulingana na saa na haja yake.

Maji ya pili: maziwa yaliyoachwa na mto

Mto unaojipinda kama nyoka mwishowe hukata njia ya mkato. Kile kipande kilichopinda kinabaki nyuma kama kiatu cha farasi, kimejaa maji lakini hakina tena mto ndani yake. Delta ina maziwa mengi ya namna hiyo. Ziwa Shakababo, lililo upande wa Ngao, ni mojawapo. Jingine ni Bilisa, karibu na Garsen.

Ukitazama maziwa haya wakati wa kiangazi, utadhani maji yamelala usingizi wa pono. Lakini maziwa haya huishi kwa mafuriko. Mvua za masika na za vuli zinaponyesha kule milimani, Tana hufura, hufurika kingo zake na kuingia ziwani. Maji mapya huleta chakula, hufagia uchafu na kuruhusu samaki kupita wakazaane. Mafuriko yasipokuja, ziwa hupungua, hupata joto na samaki huanza kupungukiwa na hewa.

Ndiyo maana samaki wa hapa ni wale wenye hila. Kambale ana kiungo cha ziada cha kupumulia, hivyo anaweza kuja juu na kuvuta hewa kama wewe na mimi. Kamongo amempita hata huyo, kwani ana mapafu. Ziwa likikauka hujichimbia matopeni na kungoja mvua.

Samaki wako wa dukani hana mapafu ya kamongo. Ukimwona asubuhi na mapema yuko juu ya maji, mdomo wazi, akihema, usifikiri anakusalimu. Anakuambia hewa imekwisha. Na mbona iwe asubuhi? Kwa sababu usiku mimea ya majini haitoi hewa ya oksijeni. Badala yake nayo huitumia, sawa na samaki. Kwa hivyo ile tabia ya kuzima pampu usiku ili kupunguza bili ya stima ni kumnyonga samaki taratibu. Fauka ya hayo, kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyobeba oksijeni kidogo, na watu wa Mombasa na Dar es Salaam wanajua joto ni nini.

Kumbuka jambo moja ambalo wengi hulikosea. Si yale mapovu yenyewe yanayotia hewa nyingi majini. Hewa huingia hasa pale juu, uso wa maji unapotikisika na kupokezana na hewa ya nje. Mapovu husaidia kwa kuyapandisha maji ya chini hadi juu. Basi elekeza mdomo wa pampu kiasi kwamba uso wa maji uwe na viwimbi vidogo, kama ziwa lililopulizwa na upepo wa jioni. Viwimbi vyatosha, si lazima maji yachemke.

Maji ya tatu: madimbwi ya msimu

Sasa ondoka ziwani uende kwenye yale madimbwi yanayojaa wakati wa mvua na kukauka mvua zikikatika. Ng'ombe wanayakanyaga, watoto wanayaruka, na hakuna anayedhani mna samaki. Kumbe mna vito!

Humo huishi samaki wadogo wa jamii iitwayo Nothobranchius, urefu wao kama kidole. Jike ana rangi ya kijivu isiyovutia macho, lakini dume huvaa buluu na nyekundu kama bwana harusi. Mmoja wa jamii hiyo, Nothobranchius willerti, alielezwa na wataalamu mwaka 1992 kutokana na samaki waliopatikana Mnanzini, kandokando ya Tana.

Maisha ya samaki hawa ni ya haraka. Hutaga mayai matopeni. Dimbwi likikauka wazazi wote hufa, na mayai hubaki ardhini kwa miezi mingi yakingoja. Mvua ikinyesha hutotoka, hukua mbio na kutaga kabla maji hayajakauka tena. Jamaa zao wa Msumbiji, wa aina iitwayo furzeri, wamewahi kuonekana wakikomaa kwa muda wa wiki mbili tu. Wafugaji wa Ulaya na Marekani wanawapenda mno, na hutumiana mayai yao kwa posta yakiwa ndani ya udongo wenye unyevu. Naam, samaki anasafiri ndani ya bahasha!

Je, samaki huyu unamwekea mkondo wa namna gani? Karibu usiwepo kabisa. Dimbwi halina mkondo. Ukimtia kwenye tangi lenye pampu ya nguvu, atashinda kutwa akipiga mapezi ili asisukumwe ukutani, hatakula vizuri, na maisha yake ambayo tayari ni mafupi yatafupika zaidi. Anachohitaji ni chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ndogo ya hewa, mapovu yakitoka polepole. Vivyo hivyo samaki mpiganaji, yule Betta wa kutoka Asia mwenye mapezi marefu kama kanga. Naye ni wa maji tulivu, na kwake mkondo mkali ni adhabu.

Tafadhali usije na chupa kuwavua samaki hawa kiholela. Wengi wao hupatikana katika sehemu chache tu, na uvuvi wa samaki wa mapambo una leseni zake katika idara ya uvuvi. Wala usimwage samaki wa duka mtoni eti unamhurumia. Mgeni huyo anaweza kuwala wenyeji au kuwaletea maradhi.

Maji ya nne: bahari inapoingia

Ukiufuata mto hadi Kipini utafika mahali ambapo maji matamu na maji chumvi hukutana. Hapa mkondo una mtindo mwingine. Maji yakijaa husukuma kuelekea bara, na yakipwa huvuta kuelekea baharini. Takriban kila baada ya saa sita mwelekeo hubadilika. Wakati wa bamvu, pwani yetu hupanda na kushuka kwa mita 3 hadi 4. Wakati wa maji mafu, tofauti ni ndogo.

Somo hili ni la wale wachache wenye matangi ya maji chumvi na matumbawe. Tumbawe halitembei kwenda kutafuta chakula. Hungoja kuletewa na maji, na hungoja maji hayo hayo yaliondolee uchafu. Likisukumwa upande mmoja siku zote, upande wa nyuma hujaa taka na kufa. Ndiyo sababu wafugaji wa matumbawe hutumia pampu mbili au zaidi zinazopokezana kwa saa maalum, wakiigiza kujaa na kupwa.

Hapo Kipini pana kisa kingine cha kukufunza. Zamani maji ya Tana hayakuwa yakitokea hapo, bali magharibi zaidi, katika ghuba ya Ungwana. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji mwembamba wa Belezoni, wa kupitishia mitumbwi kati ya Tana na mto Ozi. Maji hufuata mkondo. Mto ukaona njia fupi, ukaingia, ukaupanua mfereji, na hatimaye Tana yenyewe ikahamia huko. Mfereji mdogo uligeuza mto mzima! Basi usidharau kuligeuza bomba la pampu yako sentimita mbili kushoto au kulia. Ndani ya tangi nako mambo yote yanaweza kubadilika.

Hesabu za nyumbani

Sasa turudi sebuleni na rula. Pima urefu, upana na kina cha maji kwa sentimita, zidisha, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 lina lita 112. Ukitoa nafasi ya changarawe na mawe, hesabu lita 100.

Kwa samaki wengi wa kawaida, kanuni ya wafugaji ni pampu izungushe maji yote ya tangi mara 4 hivi kwa saa. Tangi letu basi linataka lita 400 kwa saa. Kwa samaki wa maji tulivu, mara 2 zatosha. Kwa wale wa mito ya kasi waweza kufika mara 8 au 10. Matumbawe hutaka mara 20 na kuzidi.

Lakini usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi. Hiyo ilipimwa kiwandani, pampu ikiwa mpya na haipandishi maji juu. Pima mwenyewe. Toa bomba la pampu nje, likinge kwa ndoo ya lita 10, na umwambie mtoto atazame saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 90, pampu yako inatoa lita 400 kwa saa. Ikichukua dakika tatu, inatoa lita 200 tu, hata kama boksi linadai 600. Mara nyingi kosa ni sponji iliyoziba. Isafishe kwa maji uliyoyatoa tangini, usitumie ya mfereji yenye dawa ya klorini, kwa sababu ndani ya sponji hiyo wamo bakteria wema wanaoivunja sumu itokanayo na kinyesi cha samaki.

Kisha fanya jaribio la chembe. Tupia chembe chache za chakula uzifuate kwa macho. Zikiruka kutoka pembe hadi pembe bila samaki kuzipata, mkondo ni mkali. Zikikusanyika kila siku nyuma ya jiwe lile lile na kuoza, hapo pana maji yaliyokufa. Lisogeze jiwe au geuza bomba. Samaki akijibanza kwenye kona moja siku nzima, mapezi yamebanwa, maji yanamwonea. Elekeza bomba kwenye kioo ili nguvu ivunjike, au litoboe matundu mengi madogo ili maji yatoke kama mvua.

Na stima ikipotea? Usiwalishe samaki. Chota maji ya tangi kwa kikombe na uyamimine tena kutoka juu, mara kwa mara, ili uso utikisike. Watoto waifanye kazi hiyo kwa zamu. Stima ikirudi baada ya saa nyingi, suuza sponji kwanza kabla ya kuwasha, kwani maji yaliyolala humo yameharibika.

Tangi kubwa la watu wengi

Usiondoke Tarasaa kabla ya kufikiri juu ya jambo hili. Delta nzima ni kama tangi, na mkono ulioshika pampu uko mbali. Mabwawa matano ya Seven Forks, yaliyoanza kazi kati ya mwaka 1968 na 1988, yametupa umeme wa kutuangazia majumbani, na bila shaka umeendesha pampu nyingi za samaki. Lakini bwawa hushika mafuriko, na mafuriko ndiyo yanayoyalisha maziwa, malisho na mashamba ya mpunga ya delta. Mkondo ukipungua, Shakababo hupungua, na mvuvi hurudi na mtumbwi mtupu.

Ukizidi nao ni msiba. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivunja kingo za mradi mkubwa wa mpunga wa TARDA na kuzamisha vijiji. Na pale maji na malisho yanapokuwa haba, majirani hutazamana kwa macho mabaya. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 mapigano katika delta, pamoja na yale ya kijiji cha Riketa upande huu wa Tarasaa, yaliua watu zaidi ya 100. Siasa zilichochea, lakini maji na ardhi vilikuwa kuni za moto huo.

Kwa hivyo unapowafunza wanao kuutengeneza mkondo wa tangi, unawafunza jambo kubwa kuliko samaki. Maji mengi si lazima yawe mema, na machache si lazima yawe mabaya. Swali la kuuliza ni moja: anayeishi ndani yake ametoka wapi, na alizoea nini? Muulize mwenye duka swali hilo kabla hujatoa pesa. Akikujibu kuwa samaki ni wa mtoni, wa ziwani au wa dimbwini, utakuwa umekwisha kujua pampu ya kununua. Na likizo ijayo, badala ya kuwapeleka watoto ufuoni tena, wapandishe basi la Garsen, wasimame kando ya Tana, kila mmoja na jani lake mkononi.